Maelezo ya Nyongeza Kuhusu Ufunguo wa Vani ya Umeme

MAELEZO YA SHAHIDI (ya pili)

Jina: Limeandikwa kwenye jalada. Kazini na mtaani huitwa Dada Stoo
Umri: Miaka 47
Jinsia: Mwanamke
Kazi: Mtunza stoo ya vipuri, gereji ya familia
Makazi: Nyumba iliyo nyuma ya gereji, mlango wa pili
Uhusiano na majeruhi: Dada yake, tumbo moja
Yamechukuliwa: Chumba namba 3, tarehe 15, kuanzia saa nne kamili asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Juzi, tarehe 13, nilitoa maelezo katika chumba hiki hiki. Nilisema kwamba dereva wa vani ya umeme, yule tunayemwita Haraka, amemponda mkono mdogo wangu kwa makusudi. Kwa maneno yangu hayo mlimweka mahabusu, na nimeambiwa kesho anapelekwa mahakamani. Nimekuja kusema kwamba nilikosea. Afande ameniuliza kama kuna mtu amenitisha au ameniahidi kitu. Hakuna. Nani wa kunitisha mimi? Ninachoomba ni kwamba aandike ninavyosema, asininyooshee maneno.

Gereji yetu ilianzishwa na marehemu baba. Mdogo wangu ana miaka 41, ndiye fundi mkuu, na mimi natunza stoo. Dirisha la stoo linatazama sakafu ya kazi, kwa hiyo anayeingia, anayetoka na anayetia nati zetu mfukoni, wote nawaona. Tuna sheria moja ya baba ambayo hata mteja wa siku moja anaijua: ufunguo wa gari unakaa mfukoni mwa fundi aliye chini ya gari. Haukai mezani, wala kwenye msumari, wala kwa mwenye gari. Baba alikuwa akisema, ukiwa na ufunguo mfukoni, roho yako unayo mwenyewe. Miaka kumi na tisa nimeisimamia sheria hiyo. Wanaosema Dada Stoo ana mdomo, wengi wao niliwakuta wameacha ufunguo ovyo.

Mnamo tarehe 13, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Haraka alileta vani. Ni vani nyeupe ya kampuni inayosambaza vifurushi. Ilikuwa ya tatu ya umeme kuingia kwetu. Mbili za mwanzo zilikuja kwa ajili ya matairi na breki tu. Hii ilikuwa inadondosha mafuta nyuma ya gurudumu la mbele la kulia. Haraka akasema, "Dada Stoo, si mliniambia hili gari halinywi mafuta? Sasa linakojoa nini?" Mdogo wangu akamjibu, "Hata wewe hunywi mafuta, mbona shati limelowa?" Tukacheka wote watatu. Nayasema haya kwa sababu juzi nilisema wale wawili waliamka na ugomvi. Hawakuwa na ugomvi wowote.

Mdogo wangu aliingia chini na tochi, akatoka akasema sili ya ekseli ya mbele imechoka. Afande ameuliza sili ni nini. Ni pete ya mpira inayokaa pale shafti ya gurudumu inapoingia kwenye giaboksi, kazi yake ni kuzuia mafuta yasitoke. Hata gari la umeme lina giaboksi yake ndogo na mafuta yake. Mpira ukikauka, mafuta yanaifuata shafti mpaka nje. Mdogo wangu akasema saa nane mchana kazi itakuwa imekwisha. Haraka akasema, "Saa nane nisipoondoka hapa, leo mtanitambua." Maneno hayo juzi niliyaleta kama vitisho. Ni kweli aliyasema. Ila huyo bwana husema hivyo kila akija, hata akija kujaza upepo. Ndiyo maana tukamwita Haraka.

Kisha akampa mdogo wangu ufunguo. Ni kidude cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni, hakina meno. Mdogo wangu akauweka dirishani kwangu, akaenda kuvaa ovaroli. Hilo nililiona kwa macho yangu, na juzi nililisema.

Saa tatu akaliinua gari kwa jeki upande wa kulia, akaweka stendi, akatoa gurudumu. Akafungua nati kubwa ya katikati, akaachanisha kiungo cha chini, akaivuta shafti. Mafuta machafu yakamwagika kwenye beseni. Saa nne na robo alikuja dirishani kuchukua sili mpya. Akailaza ya zamani na mpya pamoja juu ya ubao, akapima kwa kidole, ndani na nje. Mdogo wangu hapigi sili kabla ya kuipima hivyo, hata umsimamie na rungu. Ile ya zamani ilikuwa imekauka, ngumu kama ukucha. Akaipaka mpya mafuta kidogo, akalala chini, akaanza kuigonga kwa kipande cha bomba, huku na huku, polepole, isije ikakaa upande. Mimi nilikuwa na vitabu vyangu vya stoo lakini nilikuwa nasikiliza. Sili ikifika mwisho mlio unabadilika. Ulipobadilika nilijua imekaa. Akarudisha shafti, akajaza mafuta mapya.

Saa sita kasoro dakika kumi alikuwa amechuchumaa pale penye gurudumu, tambara mkono wa kulia, anafuta mafuta yaliyomwagika. Alitaka kuizungusha shafti kwa mkono aone kama sili mpya inatoa hata tone moja. Shafti ikagoma, kwa sababu gari lilikuwa limefungwa kwenye gia ya maegesho. Haraka alikuwa amekaa juu ya tairi, anachezea simu. Mdogo wangu akamwambia, "Haraka, hebu niwekee nyutro hapo." Haraka akasema, "Nyutro, sawa," akapanda kitini aliweke gari kwenye gia huru.

Baada ya hapo sikusikia kitu. Naomba hili liandikwe vizuri. Ingekuwa gari la dizeli, lingenguruma, na sisi wote pale tungeruka kabla halijafanya lolote. Masikio yetu yamezoea hivyo tangu utoto. Hili halikunguruma, halikutetemeka, halikusema kitu. Nilisikia kitambaa kinachanika, kisha nikasikia sauti ya mdogo wangu. Afande ameniuliza sauti hiyo ilikuwaje. Nimekataa kujibu.

Nilipofika, tambara na mkono wa ovaroli vilikuwa vimejisokota kwenye shafti, na mkono wake ulikuwa humo humo ndani ya msokoto. Shafti ilikuwa imeshasimama. Haraka alikuwa kitini, mguu umekandamiza breki, mikono yote miwili ameinua juu, anasema, "Nyutro! Jamani, niliweka nyutro!" Nikatazama kile kirungu cha gia. Katika gari hilo gia haibadiliki mpaka gari liwashwe kwa kitufe, na kirungu kinazungushwa kwa vidole; taa yake ilikuwa kwenye kwenda mbele. Ni hatua moja tu kutoka nyutro, na vidole vyake ni vinene. Alipoachia breki ili ashuke, shafti ikazunguka.

Sasa naeleza jambo ambalo juzi nililificha. Huyo huyo Haraka aliruka chini, akavua mkanda wake wa suruali, akamfunga mdogo wangu juu ya kiwiko, akakaza kwa meno. Daktari ameniambia mkanda ule ndio uliomwacha mdogo wangu hai. Wakati anafunga, mimi nilikuwa nampiga mgongoni kwa mikono yote miwili, napiga kelele, "Umemuua! Umeuiba ufunguo ukamuua!" Watu wakajaa. Baadhi walinisikiliza mimi, wakamvuta shati na kumtia ngumi, naye hakuachia mkanda. Alama anazo usoni mpaka leo. Hakuzipata kwa kuanguka, kama nilivyosema.

Askari walipofika waliuliza ufunguo uko wapi. Walimpekua Haraka, haupo. Wakatafuta kwenye vani, haupo. Dirishani kwangu haupo. Nikasema ameutupa. Nikasema ufunguo ulikuwa dirishani, gari haliwaki bila ufunguo, kwa hiyo aliyewasha ndiye aliyeiba. Haraka alikuwa na neno moja tu: "Nilibonyeza likawaka. Ufunguo sijaugusa." Hakuna aliyemwamini, na mimi nilimtemea mate mbele ya askari wawili. Hilo nalo liandikwe.

Afande ameniuliza kama juzi nilidanganya kuhusu ufunguo kwa kujua. Hapana. Kuhusu mkanda nilificha na kuhusu alama za usoni nilidanganya, hayo nimeyasema. Lakini kuhusu ufunguo niliapa kwa moyo mweupe. Kila nikifumba macho niliuona pale dirishani, mweusi, kando ya kopo la nati. Ningeapa mbele ya kaburi la baba.

Jana, tarehe 14, mdogo wangu alikuwa ameshakatwa mkono chini ya kiwiko. Ni wa kulia, mkono wa spana. Saa kumi jioni muuguzi alinipa mfuko wa plastiki wenye nguo zake. Nikarudi nyumbani, nikajaza maji kwenye karai bafuni, nikasema nifue ovaroli, ingawa ilikuwa imekatwa kwa mkasi na haivaliki tena. Sijui nilitaka kufua nini. Kabla ya kuloweka nguo ya fundi unapapasa mifuko kwanza, maana utakuta skrubu. Nikapapasa. Mfuko wa kifuani ulikuwa umefungwa kifungo, na ndani kulikuwa na kitu kigumu.

Nikafungua. Ulikuwa ufunguo wa vani.

Nikakaa kwenye sakafu ya bafu na nguo zangu, maji yanamwagika, sikuyafunga. Si ufunguo ulionimaliza, afande. Ni kile kifungo. Mdogo wangu hafungi kifungo cha mfuko. Tangu anasoma shule ya msingi hafungi, mama alimsema mpaka akachoka. Katika gereji yote mtu anayefunga kifungo hicho ni mimi. Ndipo nikakumbuka yote, mwanzo mpaka mwisho.

Siku hiyo ya tarehe 13, saa tano kamili asubuhi, wakati mdogo wangu amelala chini anagonga sili, niliuona ufunguo bado uko dirishani. Nikawaka. Nikamwambia, "We! Ufunguo wa watu unafanya nini huku?"

Akasema, "Dada, niache bwana, nina mafuta mikononi."

Nikatoka stoo. Nikainama, nikautia kwenye mfuko wake wa kifuani, nikafunga kifungo.

Akasema, "Dada, hili gari halina hata tundu la ufunguo."

Nikamwambia, "Liwe na tundu, lisiwe na tundu, sheria ni sheria. Au unataka baba afufuke akuchape?"

Akacheka. Nikarudi stoo, naye akaendelea kugonga.

Haikufika dakika moja. Nimewafanyia hivyo mafundi mara elfu, mkono wangu unakwenda wenyewe kama wa mtu anayefunga mlango wa nyumba yake. Muulize mtu kama amefunga mlango leo, atakuambia nafikiri nimefunga. Ndivyo nilivyousahau. Kilichobaki kichwani kwangu ni ufunguo uliokaa dirishani, kwa sababu huo ndio ulionikasirisha.

Leo tarehe 15, saa moja na nusu asubuhi, nilikwenda gereji. Palikuwa na askari mmoja analinda vani, na anaweza kuulizwa. Nilimwomba apande kitini, akanyage breki, abonyeze kitufe cha kuwasha. Mimi nilichuchumaa pale alipokuwa mdogo wangu, ufunguo kwenye mfuko wangu wa kifuani. Alipobonyeza, taa za mbele ya dereva ziliwaka, gari likawa tayari kwenda. Hakukuwa na sauti yoyote. Askari mwenyewe alishtuka akaondoa mkono. Kisha nikaupeleka ufunguo dirishani kwangu, hatua kumi na nne, nikauweka kando ya kopo la nati. Akabonyeza. Gari likakataa, likaandika kwamba ufunguo haupo. Tulirudia mara tatu. Mfukoni linawaka, dirishani linakataa.

Juu ya kioo cha dereva kuna karatasi imebandikwa, na picha ya ufunguo, inasema wakati wa matengenezo ufunguo uwekwe mbali na gari. Najua kusoma. Vani tatu za namna hiyo zimepita kwetu na sikuwahi kuinua macho nikaisoma. Tulikuwa na sheria yetu.

Kwa hiyo, afande, mambo ni haya. Ufunguo ungebaki pale dirishani mdogo wangu alipouacha, Haraka angebonyeza, gari lingekataa, angeshuka. Wangelitukana gari, wangenitukana na mimi, na mkono ungekuwepo. Sheria ya baba ilikuwa ya magari ya baba. Kwa gari hili, kumtia fundi ufunguo mfukoni ni kuliambia gari kwamba wakati wowote liko huru kuwaka. Mimi ndiye niliyemtia. Yeye alikwisha kuniambia halina tundu, nikamfunga mdomo na jina la marehemu. Haraka kosa lake ni vidole kupita hatua moja, na hata hivyo alitumwa.

Afande ameniuliza kwa nini nisingoje majeruhi azinduke aeleze mwenyewe. Daktari amesema inaweza kuwa kesho kutwa, na Haraka anapelekwa kesho. Sababu ya pili ni kwamba namjua mdogo wangu. Akizinduka akaulizwa nani aliweka ufunguo mfukoni, atasema ni yeye. Atanificha. Ndivyo alivyo tangu mdogo, nikivunja mimi anachapwa yeye, na anakubali.

Hapo nje kwenye benchi amekaa wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Tumekuja pamoja. Yeye anadhani nimekuja kuongeza maneno ili dereva asipate dhamana, na njia nzima alikuwa ananipa moyo, ananiambia, "Wifi, usilegee." Nilishindwa kumwambia. Nimejaribu nyumbani, nimejaribu njiani, nimejaribu hapo mlangoni, mdomo umekuwa mzito. Mimi, Dada Stoo, mdomo mzito. Namwomba afande akimaliza kuandika amwite amsomee. Aliyekula kiapo cha uongo na akae mbele ya watu wake asomwe. Kama kuna shitaka, niandikieni mimi, na Haraka mfungulieni mlango. Akitoka nitamwomba radhi, akitaka kunirudishia mate yangu ni haki yake.

Ufunguo nimeukabidhi mezani, na ovaroli iko kwenye mfuko. Nimesomewa yote tangu mwanzo. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna neno ninalotaka lifutwe.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi) Dada Stoo

MAELEZO YA ASKARI ALIYEANDIKA

Nimeandika maelezo haya kwa mkono wangu kama yalivyotolewa, nikamsomea shahidi, akakubali ni sahihi, akatia sahihi mbele yangu saa tano na dakika ishirini asubuhi. Nimepokea ufunguo mmoja mweusi usio na meno na ovaroli moja ya bluu iliyokatwa, vyote vimeandikishwa kama vielelezo. Askari aliyekuwa lindoni gereji ameulizwa kwa simu, amethibitisha jaribio lililofanyika asubuhi. Jalada limepelekwa kwa mkuu wa kituo pamoja na ombi la kumwachia dereva.

Kwa ombi la shahidi nilimwita wifi yake ndani saa tano na nusu, nikamsomea maelezo. Alisikiliza amesimama, nilimpa kiti, hakukaa. Nilipomaliza aliniomba nirudie pale majeruhi alipotiwa ufunguo mfukoni. Nikarudia. Akaniuliza, "Hapo kweli alicheka?" Nikamjibu ndivyo ilivyoandikwa. Akasema, "Ndiye mume wangu huyo. Basi mtoeni dereva." Akachukua mkoba wake, akapita mbele ya shahidi bila kumtazama, akaondoka kwenda hospitali. Shahidi alisimama kumfuata, akafika mlangoni, akarudi kukaa.